Mawifi Wawili Mbele ya Mashine

Mwanamke Mwislamu akifa Kasongo, kabla hata maji hayajabandikwa motoni, mtu hutumwa kumwita Waridi binti Mahamudu. Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa mama yake, na namna alivyoifanya watu waliisifu kwa sauti ya chini: mikono yake haikuwa na haraka, na mdomo wake haukutoa nje lolote ambalo macho yake yaliliona ndani. Riziki aliipata sokoni, kwa vitenge. Enzi za ujana wake alikuwa akifunga mzigo wa vitenge nyuma ya pikipiki na kuupeleka hadi Salamabila kwa wachimba dhahabu, akapita vizuizi vya watu wenye bunduki, akarudi akicheka. Kwa hiyo ungemwambia mtu wa mtaani kwamba Waridi anaogopa kitu, angekuuliza ni kitu gani hicho kilichothubutu.

Mwaka ule, kiangazi kilipoanza, kamyo ya mizigo iliingia kutoka Kindu ikiwa na masanduku makubwa ya mbao. Ndani yake mlikuwa na mashine ya mamografi, ile inayopiga picha ya titi na kuonyesha kilichomo hata kabla mkono haujakigusa. Madaktari waliokuja nayo wangekaa hospitalini mpaka mvua zikaribie, kisha waifungashe na kwenda nayo kwingine. Redio ilitangaza, padri alitangaza, na imamu alitangaza baada ya sala ya Ijumaa: wanawake waliovuka miaka arobaini waje wapigwe picha, hata yule asiyeumwa na kitu.

Wanawake hawakwenda. Mmoja alisikia kwamba mashine inaunguza, mwingine kwamba inakata, mwingine kwamba wanaume watajaa chumbani kuangalia. Ndipo hospitali ikawaomba akina mama wanaoheshimika wazungumze na wenzao, na upande wa msikitini hapakuwa na jina lingine la kutaja isipokuwa Waridi.

Akaenda kufundishwa na Arlette, mwanamke aliyeendesha mashine ile, kisha akapita nyumba kwa nyumba. Alieleza vizuri mno. Aliwaambia kwamba chumbani mna mwanamke peke yake, hakuna dume. Aliwaambia wavae blauzi na kitenge badala ya gauni zima, ili wavue juu tu na chini wabaki na heshima yao. Siku hiyo wasijipake poda wala mafuta wala manukato, maana yanaweza kutia madoa kwenye picha. Titi linalazwa juu ya kibao, kibao kingine kinashuka na kulibana, linauma kidogo, na kabla hujamaliza Alhamdu limeshaachiwa. Na ukiitwa tena usianze kulia, wengi huitwa kwa sababu tu picha haikutoka vizuri. Mwishoni aliwakumbusha kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Wakamsikiliza, wakaenda, wakarudi wakisema kweli Mama Waridi hakudanganya.

Yeye mwenyewe alikuwa hajaingia chumba kile. Leo kulikuwa na msiba, kesho mzigo wa vitenge umefika, keshokutwa mafua. Wauguzi walimwamini, kwani ni nani angedhani?

Ukweli ni kwamba tangu Ramadhani Waridi alikuwa na kitu. Alikuwa akioga alasiri moja, vidole vikapita kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, vikakutana na uvimbe kama karanga iliyo ndani ya ganda. Alivirudisha. Ulikuwapo. Tangu siku hiyo akaacha kutumia mkono upande huo, akawa anajimwagia maji tu, na hata Hamadi mumewe, fundi wa cherehani ambaye vidole vyake vilijua mshono uliolegea kwa kuupapasa tu, hakumwambia.

Asma ndiye aliyemfunga mdomo. Asma alikuwa dada yake mkubwa. Walikula sinia moja, walisukana nywele, walikaa bega kwa bega kwenye maulidi, na hakuna aliyejua chochote mpaka Asma alipofariki na Waridi akafunua kitenge ili amuoshe. Chini yake kulikuwa na kidonda ambacho dada yake alikuwa amekifunga kwa vitambaa na majani, na namna alivyokifunga ilionyesha kwamba alikuwa amezoea. Waridi aliosha, akavisha sanda, akatoka nje na kusema ni homa. Baada ya Asma aliwaosha wengine wawili waliokuwa na kidonda kile kile. Wanawake wengine, wakisikia habari ya titi, waliwaza mashine. Yeye aliwaza ubao wa kuoshea. Ugonjwa ule aliujua kwa mwisho wake tu, hakuwahi kuuona mwanzo. Kwa hiyo akaamua asijue.

Ndipo akaja Jeannette.

Jeannette alikuwa mke wa Bulaimu, ndugu mdogo wa Waridi, wakilima mpunga na karanga nje kidogo ya Kabambare. Alizaliwa Mkatoliki huko Lusangi, na alipoolewa hakuna aliyemwomba aache rozari yake. Yeye humpikia Bulaimu futari, na Bulaimu humpeleka kwa pikipiki kwenye misa ya Noeli. Mwanamke wa maneno machache, lakini neno lake likitoka huwa limeshapetwa. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu, sauti ya Waridi mwenyewe, ikimwambia njoo wifi, haina hofu, mimi niko hapa. Akakodi pikipiki. Akavuka madaraja ya magogo, akalala njiani kwa watu asiowajua, akafika Kasongo vumbi limemjaa hadi kwenye kope, na mfuko wa karanga mgongoni.

Hata hajakaa, akauliza, "Na weye, kwenye mashine walikuona namna gani?"

Waridi alijibu kwamba maji ya kuoga yako tayari.

Jeannette alioga, akala wali na sombe ya majani ya muhogo, akawasalimia jamaa, wala hakurudia swali. Asubuhi yake, wakiwa wamekaa uani wanachambua mchele, Hamadi ameshakwenda kwenye cherehani yake, ndipo akauliza tena, bila kuinua macho kwenye ungo. Waridi alisema atapita nyuma yake, Jeannette akishamaliza. Jeannette akauliza nyuma yake lini. Waridi akasema siku yoyote, mashine haiondoki kesho. Jeannette aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine.

Waridi akaweka ungo chini. Akamweleza habari ya Asma, ambayo hakuwahi kumweleza mtu, kisha habari ya uvimbe ule kama karanga.

"Miye najua mwisho wake, Jeannette," alisema. "Nimeuosha na mikono hii. Nisipojua, niko muzima. Mutu akishajua, haiko tena namna ya kusahau."

Jeannette hakumpinga. Aliuliza tu, "Iko wapi?"

Waridi alitazama mlango wa ua, kisha akaushika mkono wa wifi yake na kuuingiza chini ya blauzi. Mkono ulikuwa mgumu wa jembe, na wenye joto. Ulikaa pale, ukasogea, ukakaa tena.

"Inatembea," Jeannette alisema. "Nikiisukuma inakwenda. Maana yake sijui, dokta ndiye atajua." Akatoa mkono, akaufuta kwenye kitenge chake kama aliyekuwa na unga. Kisha akasema kwamba yeye naye alikuwa na hofu. Kwenye daraja la mwisho alitaka kumwambia dereva tumbo linamuuma, warudi. "Nikajiambia, wifi yangu atakuwa pale. Sasa nafika, nakuta wifi yangu naye anakimbia. Basi tukimbie wote, ao tuingie wote."

Waridi hakukubali kuingia. Alikubali kumsindikiza mpaka kwenye benchi la nje, basi. Jeannette alisema benchi linatosha kwa kuanzia.

Walipotoka kesho yake, Waridi alikuwa amevaa gauni zima la kushuka hadi visigino, na alikuwa amejifukiza udi na kujipaka poda shingoni na kwapani. Alinukia kama bibi harusi. Jeannette alivuta pumzi mara moja, akaelewa, akarudi ndani kidogo kama aliyesahau kitu, kisha wakaondoka.

Kwenye benchi wanawake walimsalimia Waridi kwa furaha, wengine wakimsogezea nafasi, wakidhani amekuja kuangalia kazi yake inavyokwenda. Aliificha mikono yake ndani ya ushungi. Nyuma ya jengo jenereta lilinguruma. Jeannette aliitwa, akainuka, akaingia bila kugeuka. Waridi alihesabu vigae vya sakafu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alipotoka, Jeannette alikuwa anafunga vifungo vya blauzi, uso wake ni ule ule.

"Sema," Waridi alinong'ona.

"Iko baridi. Ile kibao, kwanza inakupa baridi. Nyuma ya hiyo inabana, unaona kama mutu amefunga mulango juu yako lakini anafunga polepole, anakuuliza. Nilianza Salamu Maria, sikufika mwisho, ikaachia. Nyuma inageuzwa, inabana upande mwingine. Ni hivyo." Akafikiri kidogo, asije akaacha kitu. "Upande wa kuume iliniuma kuliko wa kushoto. Nilitoa machozi kidogo. Arlette alinipa kitambaa."

Kwa sababu hakuficha machozi, Waridi alimwamini. Wiki zote zile alikuwa akiwaeleza wengine mambo hayo hayo, lakini aliyasema kama msafiri anayeelezea mji aliousikia tu. Akauliza kama anaweza kuiona mashine, kuiona tu. Jeannette akaenda kumwita Arlette.

Arlette alikuwa mwanamke mnene wa sauti laini, mwenye tabia ya kuegemea kitu chochote kilicho karibu. Aliwaingiza wote wawili, akafunga mlango, na hapo hapo pua yake ikamwambia. Hakumkemea. Alisema tu kwamba udi ni mzuri, lakini leo picha haitawezekana, poda ile itaonekana kwenye picha kama changarawe. Waridi akajibu upesi kwamba basi, siku nyingine. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Maji iko?" Jeannette aliuliza.

Kulikuwa na karai na jagi pembeni. Jeannette akafungua kifuko chake, akatoa kipande cha sabuni, taulo ndogo, na blauzi na kitenge vya Waridi mwenyewe, vilivyokunjwa vizuri. Hivyo ndivyo vitu alivyokuwa amerudi ndani kuvichukua. Waridi alivitazama. Nusura akasirike, kisha nguvu ya kukasirika ikamwisha, akakaa kwenye kiti na kuvua ushungi.

Jeannette alimwosha. Alilowesha taulo, akaikamua, akaanza na shingo, akashuka kwapani, kwanza kulia, kisha kushoto, kwa mikono isiyo na haraka. Arlette aligeukia dirishani akajishughulisha na vifaa vyake. Waridi alikuwa ameosha wanawake wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini tangu utoto wake hakuna mtu aliyekuwa amemwosha yeye. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Taulo ilipofika karibu na karanga ile, haikuruka wala haikukaa zaidi, ilipita kama inavyopita kwingine. Waridi akagundua kwamba alikuwa analia, na kwamba kilio hicho hakikuwa cha hofu peke yake. Jeannette alimfuta uso kwa ncha kavu ya taulo, akaendelea.

Arlette akamwita mbele ya mashine. Alimwambia alete mkono kwanza, mkono tu, akaulaza juu ya kibao na kushusha kile cha juu kidogo kidogo mpaka kikabana kiganja. Waridi aliangalia vidole vyake chini ya kibao kile angavu kama kioo.

"Nikisema basi?"

"Ukisema basi, naachia. Jaribu."

"Basi," Waridi alisema, na kibao kikainuka. Akaomba arudie. Akasema basi tena, na kibao kikainuka tena. Kisha akavua juu.

Jeannette ilimbidi atoke, ndiyo sheria ya chumba kile, lakini alisimama nyuma ya mlango, na Waridi alimsikia akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa, kusudi ajue yupo. Titi la kulia lilipita salama. La kushoto liliuma. Alianza Alhamdu na aya zikampotea katikati, yeye aliyezisoma juu ya vichwa vya maiti bila kukwama, akabaki akirudia Bismillahi peke yake mpaka Arlette alipomwambia azuie pumzi, kisha avute. Hakusema basi.

Waliitwa wote wawili wakati mmoja, baada ya siku chache. Dokta Emile, kijana mrefu aliyekuwa amepiga miwani yake utepe kwenye mkono mmoja, alianza na Waridi. Alimlaza, akampitishia kifaa cha ekografi kinachoonyesha ndani ya mwili, akamgeuzia kioo chake ili aone mwenyewe: duara jeusi lenye ukingo laini. Alimweleza kwamba ni mfuko wa maji, jambo la kawaida, halina ubaya. Akaingiza sindano nyembamba, na kitu kile alichokibeba tangu Ramadhani kikapanda chote ndani ya sindano, maji ya rangi ya chai nyepesi. Waridi alipapasa. Hapakuwa na kitu. Alianza kucheka, akajiziba mdomo, akamtafuta Jeannette kwa macho.

Jeannette alikuwa anamtazama daktari, kwa sababu daktari alikuwa amekwisha kuchukua picha nyingine na hakuwa anacheka.

Kwenye titi la kulia la Jeannette kulikuwa na punje. Dokta Emile alisema hakuna mkono ambao ungeiona, wala wa Jeannette wala wake yeye. Ilikuwa ndogo kama mbegu ya ulezi. Hakutaka kuipa jina kabla ya kujua. Alichukua kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa Kinshasa, na Jeannette akabaki Kasongo kungoja. Jibu lilipofika, jina lilikuwa lile lile ambalo Waridi hakupenda kulitamka. Saratani. Daktari aliongeza kwamba imekamatwa changa, kwamba watakata kipande tu na si titi zima, na kwamba safari ya Kinshasa isingoje mavuno.

Njiani kurudi nyumbani Jeannette alitembea vizuri mpaka karibu na soko, kisha akakaa chini kando ya barabara, pale pale vumbini, akasema anataka kurudi Kabambare. Hakuwa na maumivu yoyote, alisema. Alikuja mzima, na sasa amepewa ugonjwa. Kama asingekuja angekuwa shambani akitengeneza ardhi ya karanga, na mvua ziko karibu.

Waridi alikuwa na maneno mengi ya kuwafariji watu, ya msikitini na ya msibani. Hakutumia hata moja. Alikaa chini kando yake, na kitenge chake kipya, wapita njia wakiwazunguka.

"Tuseme ningelikataa kuja," Jeannette alisema.

"Basi siku moja wangeniita nikuoshe," Waridi alisema. "Sitaki, Jeannette. Sitaki hata kidogo."

Pikipiki zilipita. Jeannette akanyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka.

Ukoo ulichanga, wa msikitini na wa parokiani. Bulaimu alikuja kutoka Kabambare amekonda, akawasindikiza mpaka Kindu kwenye ndege, na Waridi ndiye aliyepanda na mgonjwa, kwa sababu yeye alijua kukaa na mtu bila kumchosha. Usiku wa kuamkia upasuaji Jeannette alimwomba amweleze tena, tangu mwanzo, kila kitu daktari alichosema kitafanyika. Waridi akamweleza. Asubuhi akaomba tena, akamweleza tena. Upasuaji ulikwenda vizuri. Yakaja matibabu mengine, yakaja na vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka, na Jeannette alinung'unikia vidonge kuliko alivyonung'unikia kisu.

Walirudi Kabambare mvua zimeshakolea. Wanawake wa nyumba za jirani walijaa jikoni, na shangazi mzee wa Bulaimu na Waridi, asiye na aibu na mtu, akaomba aonyeshwe. Jeannette alifungua blauzi. Mzee akainama karibu na moto, akapitisha kidole juu ya kovu kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema alidhani wamemwachia shimo, kumbe mstari tu. Akauliza mashine ile itarudi lini Kasongo. Waridi alisema watu wanasema kiangazi kijacho, lakini hana hakika.

Mkono wa kulia wa Jeannette ulikuwa bado haujaruhusiwa jembe, na magugu yalikuwa yameanza kuzisonga karanga alizopanda Bulaimu. Basi Waridi, aliyezaliwa mjini na kuuza vitenge maisha yake yote, akafunga kiuno na kuingia shambani. Alilima vibaya. Jeannette alikaa kwenye gogo ukingoni mwa shamba, mwavuli juu ya kichwa, akimwelekeza lipi gugu na lipi karanga.

"Hiyo ni chakula, wifi," alisema. "Rudisha ndani ya udongo."

Waridi alichimba kishimo kwa vidole, akaurudisha mche, akaushindilia udongo pande zote, akasogea kwenye tuta linalofuata.